Mazungumzo ya Karani: Maonyesho ya Picha na Ng'ombe wa Mzee

Jumanne ya juma lililopita, kabla sijafungua hata daftari la kwanza, aliingia ofisini kwetu mzee mmoja mkulima wa upande wa Subukia, amevaa koti lake la kwendea mjini, na mkononi ameshika bahasha iliyokunjwa mara nne. Ndani ya bahasha ile palikuwa na barua ya Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, iliyomwarifu binti yake kwamba amepata nafasi ya kusoma sanaa, yaani kuchora, kuchonga, kufinyanga na kazi nyingine za namna hiyo. Pamoja na barua alikuwa na fomu ya kuomba msaada wa karo, ambayo sharti ijazwe na kupigwa mhuri kabla ya Ijumaa ya juma hili.

"Karani," akaniambia, "mhuri ni wenu, sina neno juu ya mhuri. Lakini wewe umesoma. Huyu mtoto ataka niuze ng'ombe wa maziwa ili akajifunze kuchora picha. Je, picha huliwa?"

Nikacheka kidogo. Mzee hakucheka, nami nikaona haya. Maana kwa mtu mwenye ng'ombe watatu, mmoja wao si jambo la kuchekea. Ni chumvi, ni sukari, ni karo ya mtoto anayefuata. Nikamwomba anipe siku chache, nikaahidi kumjibu katika ukurasa huu, kwa kuwa yeye ni msomaji wetu wa miaka mingi, na kwa kuwa nilijua wako wazazi wengine wenye swali hilo hilo ambao hawakupata nauli ya kuja kuniuliza.

Yafaa kwanza mjue binti huyo aenda kuishi mahali gani. Chuo cha Makerere kina jumba la picha lake chenyewe, lililofunguliwa mwaka 1969, nalo li chini ya shule ya sanaa iliyopewa jina la Margaret Trowell. Kwa kawaida mwaka wa masomo huko huanza mwezi wa Agosti, na jumba la picha la chuo huenda pamoja na mwaka huo kama vile shamba liendavyo pamoja na mvua. Ndiyo sababu husemwa kwamba lina msimu. Halikai na vitu vile vile ukutani daima. Mara kuta ni za walimu, mara za wageni kutoka nchi nyingine, mara hutolewa ghalani vitu vya zamani ili watu wa leo wavione. Na mwanafunzi anayemaliza masomo huweka kazi zake mbele ya macho ya watahini na ya watu wote. Mitihani yetu sisi ilifungiwa ndani ya bahasha na kupelekwa mbali, hata tusijue nani aliisoma. Huyu mtahiniwa husimama kando ya mtihani wake, na mpita njia yeyote aweza kumwuliza, "Hiki ni nini?" Naona ni jambo la kutisha kidogo.

Basi neno "maonyesho" lisiwatishe ninyi. Nani katika nchi hii ya Nakuru asiyejua maonyesho? Kila mwaka twaenda kwenye Maonyesho ya Kilimo, twalipa kiingilio, twazunguka jua kali, na mkulima asiyeweza kununua hata ndama mmoja husimama nusu saa mbele ya fahali wa mwenzake. Hamwulizi mtu kama fahali yule ataliwa leo. Mwatazama miguu, mwatazama mgongo, mwainama kutazama kiwele cha mtamba, kisha mwatoa hukumu kabla ya hakimu mwenyewe hajafunga utepe. Na mkirudi nyumbani, ng'ombe wenu mwawaona kwa macho mengine. Jumba la picha lataka macho yale yale. Mtu hutazama jinsi mkono ulivyochorwa, kama una mifupa ndani yake au ni kama wa mwanasesere. Hutazama rangi zimewekwaje. Kisha hutoa hukumu yake. Kosa letu ni kwamba tukiwa mbele ya ng'ombe twajiamini, tukiwa mbele ya picha twajifanya wajinga, au twasema ni mambo ya wageni.

Sasa niwaeleze jinsi mambo hayo yalivyoanza, kwa sababu ndani yake mna sehemu ya jibu la mzee.

Chuo cha Makerere hakikuanza na wanafalsafa. Kilianzishwa mwaka 1922 kuwa shule ya ufundi, na wanafunzi wake wa kwanza, vijana 14, walijifunza useremala, ujenzi na umakanika. Kwa hiyo kazi ya mikono ilitangulia pale kabla ya majoho na vyeti. Bibi Trowell naye alifika Afrika ya Mashariki mwaka 1929 pamoja na mumewe aliyekuwa daktari, na mahali alipoishi kwanza hapakuwa Uganda bali Kenya hii yetu. Katika miaka ile alikaa Machakos, akaviona viti vya Wakamba vilivyotiwa nakshi za waya, akafahamu kwamba watu hawa hawana haja ya kufundishwa uzuri ni nini. Walipohamia Kampala alianza mwaka 1937 kuwafundisha vijana wachache kuchora katika baraza ya nyumba yake. Mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zikaonyeshwa London katika Imperial Institute. Miaka miwili tu, na kutoka barazani!

Wako waliomlaumu baadaye. Alitaka wanafunzi wachore yaliyomo katika fikira zao na katika maisha ya kwao, wala hakupenda wakimbilie kuiga picha za Ulaya. Na mwalimu aliyemfuata alipostaafu mwaka 1958, Cecil Todd, aliona kwamba hivyo ni kumnyima kijana elimu ambayo wenzake duniani wanayo, akawafundisha elimu ya rangi na historia ya sanaa ya nchi nyingine. Mimi, kama mtu aliyesoma shule ya misheni, ambako tulikatazwa ngoma Jumatatu kisha tukaombwa kuzicheza mgeni mkubwa alipokuja Jumamosi, naona kila mmoja alishika upande mmoja wa kamba. Lakini nikilazimishwa kuchagua, nitasema Bwana Todd alikuwa na haki zaidi. Mkulima hakatai mbegu bora kwa kuwa imetoka Kitale badala ya Subukia. Huipanda katika udongo wake, kisha udongo huamua.

Nani walitoka katika baraza ile? Hapa ndipo nataka mzee wangu atege sikio.

Alitoka Gregory Maloba, kijana wa Mumias, aliyezaliwa mwaka 1922, mchongaji. Mtu akienda Kampala hata leo ataona katikati ya mji sanamu ndefu ya saruji: mtu aliyefungwa kamba mwilini, amemwinua mtoto juu akiinyosha mikono yake. Hiyo ni sanamu ya Uhuru wa Uganda wa mwaka 1962, na mikono iliyoitengeneza ni ya Mkenya. Bwana Maloba alifundisha Makerere miaka mingi, kisha akarudi kufundisha Nairobi, akafariki mwaka 2007. Noti za Uganda zimebadilika, serikali zimebadilika, zingine kwa bunduki, na sanamu yake ingali imesimama.

Alitoka Sam Ntiro, Mchaga wa Machame. Picha yake ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku ilinunuliwa mwaka 1960 na jumba kubwa la sanaa ya kisasa la New York. Mwaka uliofuata Tanganyika ilipata uhuru, nayo ikamtuma mchoraji huyo London kuwa balozi wake wa kwanza. Fikirini, serikali changa, yenye wasomi wa kuhesabika, haikuona kwamba mtu wa rangi na brashi hafai kazi ya heshima.

Alitoka Elimo Njau wa Marangu, aliyepamba kuta za kanisa kuu la Murang'a, lile lililojengwa kuwakumbuka Wakikuyu Wakristo waliouawa katika miaka ya hali ya hatari. Picha zile ni za maisha ya Bwana Yesu tangu kuzaliwa hata kusulubiwa, na watu wake ni Waafrika, na nchi ni ya huku kwetu. Ziko hapo, wala haihitaji pasi ya kusafiria. Mtu wa Nakuru aweza kwenda na kurudi siku moja akiamka mapema. Mwaka 1965 Bwana Njau na wenzake walifungua Nairobi jumba la sanaa waliloliita Paa ya Paa. Waswahili waelewa mchezo wa maneno hayo: paa yule mnyama, na kupaa juu. Mwaka 1997 moto uliteketeza mahali pale pamoja na kazi nyingi zilizokuwa ndani. Wakaanza tena.

Na alitoka mwanamke mmoja ambaye habari zake nazipenda kupita zote. Jina lake Rosemary Karuga, aliyezaliwa Meru mwaka 1928. Alisoma sanaa Makerere tangu 1950 hata 1952, mwanamke wa kwanza katika shule ile. Aliporudi Kenya hakukuwa na mtu wa kumnunulia picha, wala hakuwa na fedha za rangi. Akafundisha shule. Akafundisha miaka, na miaka, na miaka, akalea watoto, akalima, na ile elimu yake ya picha ikalala kama mbegu ndani ya kibuyu. Alipostaafu, naye ni bibi mwenye mvi, akaanza tena. Rangi hakuwa nazo bado. Basi alichukua pakiti za unga na karatasi za kufungia sabuni, zile zile tunazozitupa jalalani au kuwashia moto, akazikatakata vipande vidogo vidogo na kuvigandisha kwa gundi: kuku, wanawake sokoni, wanyama. Kazi hizo za pakiti za unga zilionyeshwa London na Paris. Aliaga dunia mwaka 2021.

Mzee wangu, sitakuficha: katika habari hiyo mna furaha, na mna pia miaka zaidi ya 30 ya kungoja. Nikikuambia kwamba binti yako akitoka Makerere atanunua gari, nitakuwa nimekudanganya, nawe ulikuja kwangu kwa kuwa ulidhani sidanganyi. Wengi waliopita katika shule ile wamekula mshahara wa ualimu kwanza, picha zikafuata. Wengine hutengeneza vitambaa, matangazo, vyombo vya nyumbani, vitabu vya watoto, na hiyo ni kazi yenye soko. Mwenye kuuza picha huuza leo, kisha hukaa miezi mingi hajauza. Na jumba linalomtafutia mnunuzi nalo huchukua fungu lake, kama dalali wa viazi. Tofauti ni kwamba dalali wa viazi haandiki jina lako kwenye gunia.

Lakini kumbuka pia kwamba mwenzako wa jirani aliuza ng'ombe wawili ili kijana wake asomee kazi ya ofisi, na huyo kijana yuko nyumbani mwaka wa tatu, na vyeti vyake viko sandukuni. Najua, kwa sababu barua zake za kuomba kazi hupita mezani pangu. Siku hizi hakuna somo lenye dhamana. Swali lililobaki ni kama mtoto ana mkono wa kazi hiyo au hana, na hilo halijibiwi na karani.

Ndipo nikamwuliza mzee, alipokuwa akiondoka siku ile ya Jumanne, kama amewahi kuziona picha za bintiye. Akasema hajaziona, aliona tu kwamba vibuyu vya maziwa nyumbani vimeshonewa ushanga kwa namna nyingine, nyota badala ya mistari, hata wanawake wa jirani wakaja kuomba washonewe vyao. "Lakini hiyo si sanaa," akasema, "ni vibuyu." Ningalijua jinsi ya kumjibu papo hapo ningalimjibu. Bibi Trowell aliandika kitabu kizima, yeye na Klaus Wachsmann, kilichotoka mwaka 1953, juu ya vitu vya kazi vya watu wa Uganda: vikapu, vyungu, ngao, ngoma, vibuyu. Na hapa kwetu, ukipanda kile kilima cha Hyrax Hill kando ya barabara ya Nairobi, utaona mahali alipochimba Mary Leakey mwaka 1937, akakuta makaburi na mabakuli ya mawe ya watu waliokaa juu ya ziwa hili zama za kale. Mtu aliyechonga bakuli la jiwe bila chuma, akalifanya la mviringo sawasawa, hakuwa na haja ya uviringo ule ili apate kula. Alitaka tu liwe hivyo.

Nimesema mengi juu ya Kampala. Sasa niseme ya safari. Zamani vijana wetu waliokwenda Makerere walipanda gari la moshi hapa stesheni ya Nakuru, maana reli ilifika Kampala mwaka 1931. Siku hizi ni basi la usiku, mwendo wa karibu kilomita 500, na Mkenya huvuka mpaka kwa kitambulisho chake cha taifa. Atakayekwenda aulize kwanza maonyesho yanafunguliwa lini na kufungwa lini, kwa kuwa kati ya maonyesho mawili kuta za jumba lolote la picha huwa tupu, na mtu hakuti ila misumari. Picha hutundikwa hivi kwamba katikati yake pawe kiasi cha sentimita 150 kutoka sakafuni, usawa wa macho ya mtu mzima. Mfupi asione haya kurudi nyuma hatua mbili. Wala msiguse kitu, kwa sababu jasho la kidole huharibu rangi, na jua huharibu zaidi, ndiyo sababu vyumba vingine huwa na giza kidogo. Si kwamba umeme umekatika.

Nina malalamiko moja, wala si juu ya jumba moja. Katika majumba mengi ya picha niliyoingia Afrika ya Mashariki, kile kikaratasi cha ukutani kinachotaja jina la kazi, mwaka na kilichotumiwa kuitengeneza, huandikwa kwa Kiingereza peke yake. Mama aliyefinyanga chungu kile hawezi kusoma kilichosemwa juu yake. Kuongeza mstari mmoja wa Kiswahili kungegharimu wino kiasi gani?

Na tukiwa Makerere tusiishie jumbani. Katika maktaba kuu ya chuo iko sanamu ya mti ya Francis Nnaggenda iitwayo "War Victim", yaani majeruhi wa vita: mwili mkubwa uliokatwa viungo, nao ungali umesimama wima. Aliichonga katika miaka ya 1980, nchi yake ikitoka katika umwagaji wa damu. Yeye mwenyewe aliwahi kufundisha Nairobi katika miaka ya misukosuko, na Theresa Musoke, mchoraji wa kike ambaye picha yake iko ukutani katika bweni la Mary Stuart pale pale chuoni, aliishi kwetu Kenya miaka mingi kabla ya kurudi. Hivyo deni liko pande zote mbili. Maloba wetu aliwapa sanamu ya Uhuru. Wao katika siku zao mbaya walitupa walimu.

Kwa asiye na nauli ya Kampala, tunacho chuo kikuu jirani, Egerton, kilichoanza mwaka 1939 Njoro kuwa shule ya wakulima. Chuo hicho ndicho kinachotunza lile jumba la mawe la Lord Egerton huko Ngata, lenye vyumba 52, lililoanza kujengwa mwaka 1938 na kumalizika 1954. Bwana yule alikufa mwaka 1958 hakuoa, na vyumba karibu vyote havikupata mtu wa kulala. Watu huenda kulitazama na kupiga picha za arusi. Kila nipitapo pale huwaza kuta zile zingefaa nini kama zingetundikwa kazi za vijana wa Bahati, Molo, Rongai na Naivasha, msimu baada ya msimu. Nakuru imekuwa jiji tangu Desemba 1, 2021. Jiji lenye stendi na soko na viwanda lingeweza pia kuwa na ukuta mmoja wa namna hiyo. Waheshimiwa madiwani husoma ukurasa huu, au makarani wao huwasomea.

Jana Alhamisi, nikiwa nimekwisha kuandika nusu ya maneno haya, mzee wa Subukia alirudi. Safari hii hakuja peke yake. Binti alikuwa nyuma yake, na kwapani ana gombo la karatasi limefungwa kwa uzi wa gunia. Mzee akaniamuru nisafishe meza. Nikaondoa mafaili. Binti akafungua, nasi tukatazama, mimi, mzee, na mpishi wetu wa chai aliyeacha birika nje. Zilikuwa picha saba za mkaa wa kuni. Ya tano ilikuwa ya ng'ombe yule wa maziwa, amegeuza shingo anajilamba ubavu.

Mzee aliinama akaitazama kwa muda mrefu, kama atazamavyo kwenye Maonyesho ya Kilimo. Kisha akasema mguu wa nyuma umekosewa, kwato haikai hivyo. Binti akajibu kwa adabu, "Baba, hukaa hivyo anapojilamba. Nenda jioni ukamtazame."

Akaichukua fomu, akasema ataileta kesho asubuhi, kabla ofisi haijafungwa kwa chakula cha mchana, akishamtazama ng'ombe.